Mabao manne ya Ndaye Mulamba, na dakika moja ya ukimya kwa mtu aliye hai

 

Juma hili tunaleta historia ya mpira. Nyinyi msiopenda mpira msikimbie kwanza. Hadithi inaanza uwanjani lakini haimaliziki hapo.

Mnajua vile inakuwa kila Congo na Zambia wanapopangwa kukutana. Mabishano yanaanza siku tatu kabla. Majirani wetu Wazambia wanatuuliza kwa kucheka: nyinyi mko upande gani? Wazazi wetu waliovuka mwaka 2017 wanajibu haraka: Léopards, hakuna mjadala. Sisi vijana tunajibu polepole kidogo. Na wadogo zetu waliozaliwa hapa baada ya Mantapala kufunguliwa mwaka 2018, wanaopiga kelele za goli kwa Kibemba, wanataka jezi ya Chipolopolo, na mama zao wanawaangalia kwa jicho baya. Swali ni la mchezo tu, lakini linagusa mahali panapouma. Mtu aliyekimbia nchi yake akiulizwa "uko upande gani", anasikia maswali mengine nyuma yake.

Tulipoanza kutafuta historia ya mechi hizi, tulikuta kwamba ile kubwa kuliko zote kati ya nchi hizi mbili ilichezwa mwaka 1974, ilibidi ichezwe mara mbili, na mtu aliyefunga mabao yote ya upande wetu alimaliza maisha yake akiwa mkimbizi. Jina lake ni Ndaye Mulamba. Wengi wetu tulikuwa hatumjui.

NCHI MBILI, ZIWA MOJA

Tuanze na hapa tulipo. Ukisimama kwenye mwambao wa Nchelenge ukaangalia magharibi, ng'ambo ya maji kuko Kilwa, Congo. Ukipanda kaskazini mpaka mwisho wa ziwa unafika Pweto, pale maji ya Mweru yanapotoka kuwa mto Luvua. Kusini, mto Luapula ndio unaoleta maji, na ndio mpaka. Mpaka huo haukuwekwa na wavuvi. Ni mkataba wa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, watu ambao hawakuvua hata samaki mmoja hapa. Kabla ya hapo ufalme wa Mwata Kazembe ulikuwa na watu pande zote mbili za Luapula.

Njo maana mpaka leo Kibemba kinasikika huku na kule, chisense zinakaushwa huku na kule, na watu wana shangazi upande mmoja na mjomba upande wa pili. Na njo maana mechi ya Congo na Zambia ni kama ugomvi wa ndani ya ukoo: kelele ni nyingi, lakini kesho yake mnakula pamoja.

NJIA YA KWENDA CAIRO

Mwaka 1971 Mobutu alibadilisha jina la nchi yetu, Congo ikawa Zaire. Mwaka uliofuata akaamuru watu waache majina ya Kikristo na wachukue majina ya asili. Kwa hiyo Pierre Ndaye Mulamba akawa Ndaye Mulamba tu. Alizaliwa mwaka 1948 Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga. Alikuwa mshambuliaji wa AS Vita Club ya Kinshasa, na mwaka 1973 Vita wakachukua kombe la mabingwa wa Afrika.

Timu ya taifa haikuwa ya Kinshasa peke yake. Katanga walitoa watu wa maana. Kipa Kazadi Mwamba alitoka Lubumbashi, kwenye klabu tunayoiita leo TP Mazembe, ambayo ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Beki Bwanga Tshimen alitoka hukohuko, na alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973. Na Mwepu Ilunga pia, ambaye tutamrudia. Kapteni alikuwa Kidumu Mantantu.

Upande wa Zambia, nchi ilikuwa na miaka tisa tu ya uhuru. Rais Kaunda alipenda mpira sana, mpaka watu wakaiita timu ya taifa KK11. Kizazi kile kilikuwa na Godfrey Chitalu, mfungaji ambaye jina lake bado linatajwa na kila mzee wa Copperbelt, na Dickson Makwaza, na Bernard Chanda.

Timu hizi mbili zilishajuana vizuri. Novemba 1973 zilikutana mara mbili kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Zaire walishinda Lusaka 2-0, wakashinda tena kwao 2-1. Desemba wakaipiga Morocco 3-0, na hivyo wakawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Wazambia walikuwa na deni la kulipa.

Miezi michache tu baadaye, Machi 1974, deni likafika Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Zambia kucheza mashindano hayo. Zaire walikuwa wameshayashinda mara moja, mwaka 1968, wakati bado inaitwa Congo-Kinshasa. Kwenye nusu fainali Misri waliongoza 2-0 mbele ya watu wao, halafu Zaire wakarudi wakashinda 3-2. Zambia nao waliitoa Congo-Brazzaville 4-2 baada ya muda wa nyongeza.

Basi fainali ikawa Zaire na Zambia. Na kitu cha kuchekesha ni kwamba makocha wote wawili walitoka nchi moja, Yugoslavia: Blagoje Vidinić kwa Zaire, Ante Bušelić kwa Zambia. Majirani wawili wa Luapula wanapigania kombe, na kwenye mabenchi wanakaa watu wawili wa taifa moja, taifa ambalo leo halipo tena kwenye ramani. Zaire nayo haipo tena kwa jina hilo. Majina ya nchi yanakuja na kwenda.

MECHI ILIYOKATAA KUISHA

Tarehe 12 Machi 1974. Uwanja ni ule mkubwa wa Nasr City, Cairo, uliofunguliwa mwaka 1960 na kubeba jina la Nasser. Misri ilikuwa imetoka vitani miezi mitano tu iliyopita. Na kwa sababu timu yao ilishatolewa, Wamisri wengi hawakuona sababu ya kuja. Fainali ya bara zima ikachezwa mbele ya watu wachache mno, kwenye uwanja wenye viti vya makumi ya maelfu.

Dakika ya 40, Simon Kaushi akafunga. Zambia 1, Zaire 0. Fikirieni redio za mwambao siku ile, upande huu furaha, upande ule watu wamefunga midomo.

Dakika ya 65, Ndaye Mulamba akasawazisha. Dakika 90 zikaisha 1-1. Muda wa nyongeza. Dakika ya 117, Ndaye tena. 2-1, zimebaki dakika tatu. Sasa ni Kilwa wanaoruka, Nchelenge kimya. Halafu dakika ya 120, ile ya mwisho kabisa, Brighton Sinyangwe akafunga. 2-2.

Siku hizi wangeenda penalti. Wakati ule sheria ya mashindano ilisema: rudieni. Katika historia yote ya kombe hili, hiyo ndiyo fainali peke yake iliyorudiwa.

Siku mbili baadaye, 14 Machi, uwanja uleule. Miguu imechoka pande zote. Dakika ya 30, Ndaye. Dakika ya 76, Ndaye. 2-0, kombe likaenda Kinshasa.

Hesabuni wenyewe: mechi mbili za fainali, mabao manne ya Zaire, mfungaji mmoja. Katika mashindano yote alifunga mabao 9. Eto'o alikuja, Drogba alikuja, Salah alikuja. Hakuna aliyefunga 9 katika kombe moja. Rekodi ni ya mtoto wa Kananga mpaka leo.

ZAWADI ZINAZOGEUKA

Mobutu alijua faida ya mpira. Timu iliyoshinda ilikuwa picha nzuri ya nchi mpya. Wachezaji walipewa nyumba na magari, wakapokelewa kama wafalme. Miezi mitatu baadaye wakaenda Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi.

Huko mambo yakaharibika. Walifungwa na Scotland 2-0. Miaka mingi baadaye Mwepu Ilunga alisimulia kwamba waligundua pesa zao zimeliwa na wakubwa waliosafiri nao, wakataka kugoma. Mechi ya pili ilikuwa na Yugoslavia, nchi ya kocha wao wenyewe. Wakafungwa 9-0. Na katika mechi hiyo, dakika ya 22, mwamuzi alimtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu kwa sababu kuna mtu alimpiga teke. Ndaye hakupiga teke. Aliyepiga ni Mwepu, na Mwepu mwenyewe alikiri baadaye. Mfungaji bora wa Afrika alifukuzwa uwanjani kwa kosa la mtu mwingine, na hakuna aliyemsikiliza.

Kabla ya mechi ya mwisho, kwa maelezo ya Mwepu, watu wa Mobutu waliwaambia kwamba wakifungwa na Brazil mabao zaidi ya matatu, wasirudi nyumbani. Zilipobaki dakika chache, Brazil wakiwa mbele, wakapata mpira wa adhabu. Mwepu akatoka mbio kwenye ukuta, akaupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajaupiga wao. Dunia ilicheka. Video hiyo bado inazunguka kwenye simu: eti Mwafrika hajui sheria. Wachache wanaweka maelezo chini yake kwamba yule ni mtu mwenye hofu anapoteza muda. Mechi ikaisha 3-0. Wakarudi nyumbani, na mapokezi ya wafalme hayakuwepo tena.

Wazee wetu wanasema: mukubwa akikupigia makofi leo, hesabu vidole vyake. Tunaelewa sasa.

TUNIS, 1994

Miaka ishirini baada ya Cairo, hadithi ya nchi hizi mbili ilikutana tena, mahali ambapo hatukutegemea.

Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwa ndani walikufa, wachezaji 18 kati yao. Kocha wa timu hiyo alikuwa Godfrey Chitalu, yuleyule mfungaji wa kizazi cha 1974. Zambia walijenga timu nyingine kutoka kwenye majivu, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Mataifa, Tunis, tarehe 10 Aprili 1994. Nigeria wakawashinda 2-1.

Katika mashindano hayohayo ya Tunisia, shirikisho la mpira la Afrika lilimheshimu Ndaye Mulamba kwa rekodi yake. Aliporudi Zaire, watu wenye silaha walimvamia wakidhani ametajirika. Walimpiga risasi ya mguu, ule mguu wa mabao 9, na mtoto wake aliuawa. Heshima aliyopewa ndiyo iliyomletea msiba.

Ndaye akakimbia. Mwaka 1996 alifika Afrika Kusini kama mkimbizi. Hatuhitaji kuwaeleza maana yake, nyinyi mliopita Kenani mkiwa na sufuria moja na godoro limelowa. Unafika mahali ambapo hakuna anayejua ulikuwa nani jana. Mwalimu anakuwa mtu wa foleni, nesi anakuwa mtu wa foleni. Mfungaji wa mabao 9 katika kombe moja naye akawa mtu wa foleni. Huko Cape Town alipata kazi ya kulinda magari ya watu kwenye maegesho.

DAKIKA YA UKIMYA

Sasa tunafika mahali palipotufanya tuandike.

Mwaka 1998 habari ilienea kwamba Ndaye Mulamba amekufa kwenye ajali ya mgodi wa almasi Angola. Kombe la Mataifa lilikuwa linachezwa Burkina Faso. Uwanjani wakasimama wote, dakika moja ya ukimya kwa ajili ya marehemu.

Marehemu alikuwa Afrika Kusini, hai, anatafuta chakula cha siku hiyo.

Hebu tukae hapo kidogo. Bara zima lilikuwa na dakika moja ya kumkumbuka akiwa amekufa. Kumuulizia akiwa hai, nani alikuwa na dakika hiyo? Kama mtu mmoja wa ofisi yoyote angeuliza Wakongo wa Cape Town "jamani, Ndaye yuko wapi?", jibu lingepatikana, juu ya wakimbizi tunajuana. Lakini ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba amekufa. Mkimbizi akipotea machoni, watu wanamfunga kwenye kitabu cha waliokwisha.

Aliishi miaka zaidi ya ishirini baada ya ukimya ule. Alikufa Johannesburg tarehe 26 Januari 2019. Mwaka mmoja tu baada ya Mantapala kufunguliwa. Maana yake ni kwamba kwa muda wa mwaka mzima sisi na yeye tulikuwa na hali moja chini ya jua hilihili, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja.

SISI TUKO UPANDE GANI?

Turudi kwenye yale mabishano.

Tunaona historia yenyewe haikubali majibu mepesi. Tarehe 12 Februari 2012 Zambia walichukua Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza, Libreville, mji uleule ulio karibu na bahari iliyowameza ndugu zao. Waliishinda Côte d'Ivoire kwa penalti 8-7. Penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu. Wakati ule Sunzu alikuwa anacheza wapi? TP Mazembe, Lubumbashi. Rainford Kalaba naye alikuwa Mazembe. Na mwenye Mazembe, Moïse Katumbi, alizaliwa Kashobwe, kwenye ukingo wa Luapula. Kwa hiyo furaha ya Lusaka usiku ule ilikuwa na mkono wa Katanga ndani yake. Na mwaka 2015 nchi zetu zilipokutana kwenye Kombe la Mataifa, bao la Zambia lilifungwa na Given Singuluma, mtu wa Mazembe pia. Bolasie akasawazisha, 1-1. Januari 2024 wakakutana tena San-Pédro: Kings Kangwa akafunga, Wissa akarudisha, 1-1 tena.

Kwa hiyo mtoto wa Mantapala akivaa kijani cha Chipolopolo, hajaiba kitu cha mtu wala hajatupa kitu cha baba yake. Mzee akishikilia Léopards mpaka sauti imkauke, naye ana haki. Kuna wanaosema kati yetu kwamba lazima kuchagua, ukipewa kivuli na mtu usishangilie anayemfunga. Wengine wanasema ukiacha timu ya nyumbani utasahau na njia ya nyumbani. Hatukukubaliana, na hatutawadanganya kwamba tulikubaliana.

Lakini jambo moja tulikubaliana wote. Jezi haikumlinda Ndaye Mulamba. Rekodi haikumlinda, rais aliyempigia makofi hakumlinda, bara lililosimama kimya kwa jina lake halikumlinda. Kitu ambacho kingemsaidia ni kidogo na kinawezekana hata kwetu: mtu wa kuuliza yuko wapi, na kufuata jibu mpaka mlangoni.

Kwa hiyo tunaomba kazi moja. Katika blok zetu kuna watu ambao kule Pweto, Moba, Manono, Mitwaba walikuwa wachezaji, makocha, waamuzi, waimbaji, mafundi wa redio, walimu wa darasa la kwanza. Wengine wamekaa tu mbele ya nyumba, vijana tunapita bila kusalimia. Nendeni mkae nao. Ulizeni walikuwa nani, andikeni kwenye daftari majina ya timu zao, miaka, matokeo, nani alikuwa kipa. Wakikubali jina lao litajwe, leteni hapa kwenye group. Wasipokubali, daftari libaki kwenu na kwao, inatosha.

Na kama kuna mtu ambaye hamjamwona muda mrefu, aliyeenda Lusaka, Kitwe, au chini zaidi mpaka Afrika Kusini, na habari zake zimebaki "tulisikia tu", msikubali "tulisikia tu". Pigeni simu. Ulizeni kwa anayemjua. Tuanze wiki hii, kila mmoja mtu mmoja, na Jumamosi tutaweka hapa majina ya waliopatikana.